Zebaki baharini: mja mzito apunguze papa, asiache samaki

Mwezi uliopita jirani yangu alinipigia hodi baada ya Isha, simu mkononi. Binti yake ana mimba ya kwanza, ya miezi minne. Kuna ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa, ukisema samaki wa bahari wana zebaki na kwamba mja mzito akiwala atazaa mtoto mzito wa akili. Binti akaogopa, akaacha samaki wote. Sasa kitoweo chake ni mayai, soseji na viazi vya kukaanga.

"Ndugu yangu, wewe ndiye usomaye makaratasi," mama mtu akaniambia. "Sisi tumelelewa kwa papa mkavu na wali wa nazi, na mabibi zetu kabla yetu. Mbona hatukuharibika akili?"

Nilimwomba siku chache nisome. Nilichokipata nakiandika hapa kwa sababu swali hili si la nyumba moja. Kwa ufupi, ule ujumbe una ukweli nusu, na mama naye ana ukweli nusu. Zebaki imo baharini kweli, na papa ameibeba kuliko samaki wengi. Lakini anayeacha samaki wote kwa hofu ya samaki wachache amejikosesha chakula bora alichopewa mtu wa pwani. Ushahidi mzuri wa jambo hili umo katika manyoya ya ndege wa baharini, na huko tutafika.

Zebaki ni kitu gani

Zebaki ndiyo metali pekee ambayo ni majimaji katika joto la kawaida. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Wengi wetu tumeiona ndani ya kipimajoto cha zamani, ule mstari wa rangi ya fedha unaopanda na kushuka. Aliyewahi kukivunja anavijua vile vipira vinavyokimbia sakafuni visishikike.

Zebaki imo ardhini tangu kuumbwa kwa ulimwengu, na volkano huitoa kidogo kidogo. Tatizo ni kile tunachoongeza sisi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2018 iliyokadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani karibu tani 2,220 za zebaki. Kiasi cha asilimia 38 kilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, wanaoitumia zebaki kunasa chembe za dhahabu kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Asilimia 21 hivi ilitoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa viwandani, majumbani na katika mitambo ya umeme.

Mvuke wa zebaki waweza kukaa hewani miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka. Katika muda huo upepo huuzungusha dunia nzima kabla haujaanguka na mvua au kutua juu ya maji. Ndiyo maana zebaki iliyochomwa bara moja huishia katika bahari ya bara jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba zebaki katika maji ya juu ya bahari imefika kama mara tatu ya ilivyokuwa kabla ya binadamu kuanza kuichafua.

Namna inavyopanda ngazi

Hata hivyo maji ya bahari yenyewe hayamdhuru mtu kwa zebaki. Kiasi kilichomo katika lita moja ni kidogo mno. Madhara huanza pale zebaki inapobadilishwa umbo.

Kwenye tope lisilo na hewa, kama lile jeusi la mikokoni linalonuka yai viza, huishi bakteria ambao huichukua zebaki ya kawaida na kuigeuza kuwa zebaki ya methili. Kazi hiyo hufanyika pia katika kina cha bahari kuu ambako oksijeni imepungua. Zebaki ya methili ndiyo mbaya, kwa kuwa mwili huipokea kwa urahisi na hauitoi haraka. Huingia katika damu, hupenya hadi ubongoni, na kwa mwanamke mwenye mimba huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kutoka majini, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, yaani planktoni, huinyonya. Katika hatua hiyo ya kwanza tu huikusanya maelfu ya mara kuliko maji yanayowazunguka. Dagaa hula planktoni, una hula vidagaa, jodari hula una, na papa hula jodari. Kila anayekula huchukua zebaki ya wote aliowala, nayo hubaki mwilini mwake. Haba na haba hujaza kibaba. Mwishoni nyama ya samaki mla samaki huwa na zebaki zaidi ya mara milioni moja ya maji anamoogelea.

Mambo mawili basi ndiyo huamua samaki ana zebaki kiasi gani: anakula nini, na ameishi miaka mingapi. Dagaa hula chini ya ngazi na huishi muda mfupi. Papa hula juu ya ngazi na huishi miaka mingi. Kwa sababu hiyo hiyo papa mkubwa humzidi papa mchanga.

Hapa pana kosa ambalo wengi hulifanya. Zebaki ya methili haikai kwenye mafuta wala kwenye ngozi. Hujishika na protini, yaani nyama yenyewe. Kwa hiyo haiondoki kwa kumchuna samaki, kumwosha, kumtia ndimu, kumkaanga wala kumchemsha na kumwaga maji. Kumkausha kwa chumvi ndiko kunakoongeza uzito wa jambo: maji hutoka, zebaki hubaki, na kilo moja ya papa mkavu huwa na zebaki nyingi kuliko kilo moja ya papa mbichi.

Manyoya yaliyotunza hesabu

Ndege wa baharini hula samaki kama sisi, lakini wana njia ya kuitoa zebaki ambayo sisi hatuna kwa wingi ule. Unyoya unapoota, damu huutia protini, na zebaki huingia pamoja nayo. Unyoya ukikomaa, mshipa wake wa damu hukauka na zebaki hufungiwa humo. Sehemu kubwa ya zebaki ya ndege huwa manyoyani, na anaponyonyoka huitupa. Unyoya mmoja basi ni kumbukumbu ya alichokuwa nacho ndege mwilini wakati unaota, na kumbukumbu hiyo haifutiki hata baada ya miaka mia.

Wanasayansi wa Sweden walilitambua hili mapema. Katika miaka ya 1950 na 1960 ndege wa mashambani walikuwa wakifa, na shaka ilikuwa juu ya dawa ya zebaki iliyopakwa kwenye mbegu za nafaka. Wataalamu wakaenda kwenye majumba ya makumbusho, ambako ndege waliokaushwa tangu karne ya 19 walikuwa wamehifadhiwa, wakapima manyoya yao. Kwa miongo mingi kiwango cha zebaki kilikuwa tulivu, kisha kikaruka ghafla kuanzia miaka ya 1940, dawa zile zilipoenea. Mwaka 1966 matokeo yakachapishwa, na mwaka huo huo Sweden ikapiga marufuku dawa hizo za mbegu.

Njia hiyo ikahamia baharini. Katika visiwa vya Azores, huko Atlantiki, watafiti walilinganisha manyoya ya ndege wa kale na wa sasa, wakakuta zebaki imepanda, na imepanda zaidi kwa ndege wanaokula samaki wa kina kirefu. Katika Aktiki ya Kanada walipima manyoya ya shakwe mweupe wa barafuni yaliyokusanywa tangu mwaka 1877 hadi 2007. Zebaki ya methili iliongezeka mara 45 katika miaka hiyo 130, na chakula cha ndege hao hakikuwa kimebadilika. Hakuna kiwanda jirani na barafu ile. Zebaki ilikuja na upepo.

Katika Bahari ya Hindi yetu, kusini kabisa, viko visiwa vya Crozet, ambako huzaa ndege mkubwa aitwaye albatrosi mzururaji. Ndege huyu aweza kuishi zaidi ya miaka 50, huzaa yai moja kila baada ya miaka miwili, na hula ngisi na samaki wa bahari kuu. Yuko juu ya ngazi na anaishi muda mrefu, sawasawa na papa, na amehesabiwa miongoni mwa ndege wenye zebaki nyingi kabisa duniani. Watafiti waliowafuatilia miaka mingi waliona kwamba wenye zebaki nyingi damuni hawafi upesi kuliko wenzao, ila hufaulu kidogo katika uzazi.

Jambo hili lapasa kuwekwa akilini. Ndege mzima hupaa, hula na kurudi kisiwani, wala humwoni dalili. Hasara huonekana kwa kifaranga.

Minamata na Iraki

Kwa binadamu somo lilianza Japani. Katika mji wa Minamata kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kama kichochezi cha kutengenezea asetaldehidi tangu mwaka 1932, na maji machafu yakamwagwa katika ghuba ambako wavuvi walitega nyavu. Wanyama walitangulia kuonyesha. Paka wa wavuvi walipepesuka na kujirusha kama waliopagawa, na kunguru walianguka kutoka angani. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, aliripoti kwa maafisa wa afya kwamba kuna ugonjwa wa ajabu wa ubongo. Mwaka 1959 yeye mwenyewe alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, na paka akaugua vile vile. Wakubwa wa kiwanda hawakuyatangaza matokeo hayo. Umwagaji ulikoma mwaka 1968. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wamezidi 2,200, na wengi wao wamekwisha kufa.

Lililowashangaza madaktari zaidi ni watoto. Wanawake waliokula samaki wale wakionekana wazima, walizaa watoto waliopooza na wasioweza kusema. Hadi wakati huo wengi waliamini kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Kumbe zebaki ya methili hupita, tena ubongo unaojengwa hudhurika kwa kiasi ambacho ubongo wa mtu mzima hukistahimili.

Kisa cha pili kiliingia kwa bandari ya Basra, ambayo majahazi ya mababu zetu waliijua vizuri. Mwaka 1971 Iraki iliagiza ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki ya methili na kutiwa rangi ili watu wajue si ya kula. Maonyo kwenye magunia hayakuwa kwa lugha ya wakulima. Baadhi yao waliosha rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Wengine waliwalisha kuku kwanza, wakaona hawafi, wakasaga unga na kuoka mikate. Sumu hii haionyeshi dalili mara moja. Wiki zilipopita watu wakaanza kufa ganzi midomo na vidole, kisha kushindwa kutembea na kuona. Waliolazwa hospitalini walikuwa 6,530, na 459 walifia humo.

Hadithi hizi mbili ni za sumu nyingi iliyoingia kwa makosa ya watu. Samaki wetu hawako hivyo, na anayemtisha mja mzito kwa picha za Minamata hamtendei haki. Swali la jirani yangu ni jingine: zebaki kidogo ya kila siku, katika samaki wa kawaida, yamdhuru mtoto?

Majirani wawili, majibu mawili

Swali hilo limetafutiwa jibu katika visiwa viwili. Katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, watu hula nyama ya nyangumi mdogo ambaye yuko juu ya ngazi na ana zebaki nyingi. Watafiti waliwafuatilia watoto elfu moja hivi waliozaliwa mwaka 1986 na 1987. Walipofika miaka saba, wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi zaidi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, kumbukumbu na umakini. Hawakuwa wagonjwa. Mwalimu angewaona watoto wa kawaida, ila kipimo kiliona pengo. Mwaka 2008 wakuu wa afya wa huko walishauri nyama hiyo isiliwe na watu tena.

Visiwa vya pili ni Shelisheli, majirani zetu, watu wa samaki kama sisi. Kina mama waliofuatiliwa huko walikula samaki kama mara 12 kwa wiki, na zebaki katika nywele zao ilikuwa juu sana ukilinganisha na wanawake wa Marekani. Kundi kuu lilikuwa la mama na watoto zaidi ya 700, waliozaliwa mwaka 1989 na 1990. Matokeo ya watoto walipofika miaka tisa yalichapishwa mwaka 2003, na hayakuonyesha madhara yanayofuatana na zebaki ya mama. Maelezo yanayotolewa ni kwamba samaki wale wa kawaida, mbali na zebaki yao ya wastani, humpa mtoto mafuta ya omega-3 yanayojenga ubongo, pamoja na seleniamu, iodini na protini safi.

Ukiziweka Faroe na Shelisheli pamoja, jibu la mama mtu linapatikana. Mabibi zetu hawakula papa peke yake. Walikula tafi, changu, dagaa, una na pweza, na papa akaja siku moja moja, na hilo lawezekana ndilo lililotufaa. Lakini kusema "hatukuharibika" hakutoshi kama ushahidi, kwa kuwa pengo lililoonekana Faroe si la kuonekana kwa macho. Tena bahari waliyovua wao ilikuwa na zebaki pungufu kuliko yetu.

Hesabu ya sahani

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa chakula na afya wameweka kiwango cha kumkinga mtoto tumboni: mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mama, kwa wiki. Mama wa kilo 60 basi asizidishe mikrogramu 96 kwa wiki.

Sasa tuchukue wastani uliopatikana katika vipimo vya samaki wa sokoni Marekani. Papa alikuwa na karibu miligramu 0.98 za zebaki kwa kilo. Mama huyo atafikisha kiwango chake cha wiki nzima kwa gramu 98 tu za papa mbichi, kipande cha kiasi cha kiganja. Jodari mdogo aina ya sehewa alikuwa na 0.14, kwa hiyo atakula zaidi ya nusu kilo kabla hajafika. Sadini alikuwa na 0.013. Kumfikisha mama kwenye kiwango kwa sadini kunahitaji zaidi ya kilo saba kwa wiki, jambo ambalo hakuna aliwezaye.

Hesabu hii ni ya samaki wa soko jingine, na papa wetu waweza kuzidi au kupungua. Mpangilio ndio haubadiliki: papa juu, dagaa chini. Watafiti waliopima samaki wa bahari kuu karibu na Réunion na mlango wa Msumbiji waliona mpangilio huo huo, samaki mwenye pua ya upanga akiwapita jodari.

Kuna jambo la kuongeza. Kiwango cha kimataifa cha biashara kinaruhusu papa kuuzwa akiwa na hadi miligramu 1.6 kwa kilo. Papa wa namna hiyo ni halali sokoni, lakini gramu 60 zake humaliza fungu la wiki la mja mzito. Samaki kupita ukaguzi hakumaanishi anamfaa kila mlaji.

Kwa msingi huo, orodha ya kubandika jikoni ni hii.

Wa kula bila hofu, mara mbili au tatu kwa wiki hata kwa mja mzito: dagaa, simu, una, mkizi, tafi, pono, kamba na ngisi. Tafi na pono hula majani ya bahari na mwani, kwa hiyo wako chini kabisa ya ngazi. Pweza naye huishi muda mfupi.

Wa kula kwa kiasi, mara moja kwa wiki: changu mkubwa, kolekole, sehewa, na nguru asiye mkubwa. Binamu mkubwa wa nguru anayevuliwa Atlantiki amewekwa na Wamarekani katika orodha ya kuepukwa na wajawazito, kwa hiyo nguru jitu mwachieni baba.

Wa kuepukwa na mja mzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo: papa mbichi au mkavu, sulisuli, nduwaro, jodari mkubwa, na chewa mzee. Mtu mzima mwingine akila papa mara moja moja hana la kuogopa.

Na bi arusi aanze mapema. Zebaki ya methili hupungua mwilini kwa nusu kila baada ya siku 50 hivi. Aliyekuwa mlaji wa papa akiacha leo, baada ya siku 200 atabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Akingoja hadi mimba ionekane, ubongo wa mtoto umeshaanza kujengwa na zebaki ya zamani ingalimo.

Inatokea wapi kwetu

Hatuwezi kusema zebaki yote ni ya wageni. Migori na Kakamega wachimbaji wadogo huchoma zebaki kwenye masufuria, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mito ya Migori huingia Ziwa Viktoria na haifiki kwetu, lakini moshi hauna mkondo wa mto. Takataka za Nairobi zina njia ya moja kwa moja: Mto Nairobi hupita Dandora, huingia Athi, na Athi ndiyo Galana, ndiyo Sabaki, inayomwagika baharini kaskazini ya Malindi. Taa za mrija, betri za zamani na vipimajoto vinavyotupwa jaani huko juu vina mwenyewe huku chini.

Makaa ya mawe tumeyajadili sana. Mtambo wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, Lamu, ulifutiwa leseni na mahakama ya mazingira tarehe 26 Juni 2019. Wengi walizungumzia majivu na joto la maji. Zebaki ilikuwa sababu nyingine, na ilistahili kutajwa kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa wavuvi wa Lamu ndio wangeila.

Na kuna iliyomo kabatini mwetu. Baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua zina zebaki. Hiyo hupita kwenye ngozi na kuharibu figo, na kila anapooga mtu huenda na maji hadi baharini. Mja mzito aliyeacha samaki huku anapaka krimu hiyo amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Lililo mikononi mwetu

Ulimwengu una mkataba wa jambo hili, unaoitwa kwa jina la mji ule wa Minamata. Uamuzi wa kuanza kuuandaa ulitolewa Nairobi Februari 2009. Ulipitishwa Japani Oktoba 2013, Kenya ikiwa miongoni mwa waliotia sahihi, na ukaanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Unazuia vipodozi vyenye zebaki, unataka uchimbaji wa dhahabu kwa zebaki upunguzwe, na unazitaka nchi zipime zebaki katika samaki, ndege na watu.

Hapo mwisho ndipo nina ombi kwa wanaohusika. Samaki anayeuzwa Ulaya hukutana na kiwango cha zebaki, na mnunuzi asiporidhika humrudisha. Samaki wa kikaangoni kwetu ana haki hiyo hiyo. Taasisi ya utafiti wa bahari iko hapa Mombasa, kaunti zina maafisa wa uvuvi, na kila bandari ya wavuvi ina BMU. Papa, nguru na jodari wa Vanga, Gazi, Malindi na Kiunga wapimwe kila msimu, na matokeo yabandikwe pale pale wanapouzwa, kwa Kiswahili, pamoja na ukubwa wa samaki. Kliniki za wajawazito nazo ziwe na karatasi moja yenye majina ya samaki tunayoyajua. Iraki ilitufundisha kwamba onyo la lugha nyingine si onyo.

Ndege nao wasisahauliwe. Katika visiwa vidogo vya Kiunga, na kule Watamu kwenye kisiwa cha Whale, ndege wa baharini hutaga mayai msimu wa kusi. Hula samaki wadogo wa maji yale yale tunayovua. Manyoya wanayoyaangusha hayamgharimu ndege chochote, na yakikusanywa mwaka baada ya mwaka yataonyesha zebaki inapanda au inashuka kabla haijafika kwa watoto wetu.

Nimekwenda kwa jirani yangu juzi. Nilimkuta bintiye sebuleni, nikamweleza haya niliyoyaandika. Aliniuliza swali moja tu: tafi wa nazi anafaa? Nikamwambia anafaa. Mama mtu naye akauliza, na yule papa mkavu aliyeletewa kutoka Lamu? Nikamwambia amle yeye na mzee, mwana angoje.